Kwa Nini Sitakusindikiza Mpaka Mugina

Faraja,

Umetoka sasa hivi kwenda kurudisha viatu vya kiongozi wa kwaya. Nimekuona ukivifunga kwenye gazeti, ukavifungua, ukavipaka rangi mara ya pili, ukavifunga tena, utadhani mwenyewe atavikagua kwa miwani. Najua utachelewa kurudi, maana yule bwana hajui kupokea kitu bila hotuba. Basi nimekaa hapa nyuma ya nyumba, pipa la chikichi liko motoni, na daftari lako la mwaka wa kwanza liko magotini. Kurasa za mwisho zilikuwa bado nyeupe, nikaona zisipotee bure. Nikimaliza nitaiweka barua hii ndani ya begi lako, chini kabisa, chini ya shuka, mahali ambapo mkono wako hautafika mpaka uwe umeshavuka.

Kesho asubuhi utapanda gari hapa Minago mpaka Rumonge, kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, kisha Mugina mpakani, na jua likizama utakuwa Kigoma kwa mama yako mdogo Tabita. Juzi uliniuliza kama nitakusindikiza mpaka Mugina. Nikakujibu kwamba nina chikichi za watu za kukamua. Chikichi ni kweli zipo, lakini umenijua miaka ishirini na tatu, na hujawahi kuniona nikikataa safari kwa sababu ya chikichi. Ulinitazama vilevile ulivyonitazama siku ile ya benki, nikajua umewaza nini. Umewaza kwamba naona haya kusimama na wewe mbele ya watu wenye mihuri. Sivyo, mwanangu. Sababu nitakuandikia, lakini haiandikiki kwa mstari mmoja, kwa hiyo nivumilie.

Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Tabita atakuambia mpaka uchoke. Tangu utoto anapenda kuamuru watu, na mimi mkubwa wake nilikuwa namtii. Sitakuambia usali, unasali kuliko mimi. Na mambo ya dukani kwake, vitenge na bei zake, utayajua kwa siku mbili, kichwa unacho. Kichwa unacho, na ndicho kinachoniuma.

Barua ya benki ilipokuja kwenye simu yako, kwamba umepata staji, mafunzo ya kazini ya likizo kubwa, katika tawi la Rumonge, nilipiga vigelegele mpaka wanawake wa kwenye mashine ya mawese wakaja mbio wakidhani nimechomwa na mafuta. Niliwaambia wote. Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda kanisani, ushuhuda ukawa mrefu, mchungaji akawa anaangalia saa. Sikusema staji. Nilisema kazi. Nilishakupa cheo, ofisi na gari la kupozwa hewa kabla hujagusa mlango wa benki wenyewe. Hilo ni kosa langu la kwanza na ndilo dogo. Viatu uliazima kwa yule kiongozi wa kwaya, tai ukapewa na mwenzako wa chuo, shati jeupe nililinunua mimi kwenye mitumba, na kila alfajiri nilikuwa nalipiga pasi ya mkaa huku nachunga chembe ya moto isije ikaruka.

Wiki ya kwanza walikusimamisha mlangoni kuwaonyesha watu viti. Wiki ya pili walikupa mashine ya fotokopi, ukawa unarudi na vidole vyeusi kama fundi baiskeli. Sikusema kitu, ila moyoni niliuliza kama ndiyo haya mama mzima amepigia vigelegele. Halafu shefu, mkubwa wa tawi, akagundua kwamba unasikia Kiswahili cha pande zote, cha Wakongo wa Baraka na Uvira na cha sisi tuliotoka Tanzania, akakuweka kwenye meza ya kufungua akaunti. Hapo ndipo ulipochanua. Jioni ulikuwa unanisimulia: kikongwe aliyeshika kalamu mara ya kwanza akaomba aruhusiwe kuisalimia kwanza, mvuvi aliyekataa kupigwa picha bila kofia, bibi wa Fizi aliyetaka kujua kama pesa yake italala chumba kimoja na pesa ya mume wake. Ulikuwa unawaiga sauti mpaka nikawa nashika mbavu. Tulicheka sana mwezi ule. Nakumbuka niliwaza kwamba sasa naweza kuzeeka.

Kisha wakawaambia stajieri wote kwamba kila mmoja alete wateja wapya. Ukaniomba mimi nifungue akaunti. Nilikataa kwanza, wajua nilivyo, napenda kitu changu kiwe mahali ambapo mkono unafika usiku. Lakini hujawahi kuniomba jambo tangu ulipoomba baiskeli ya kwenda shule, nikakubali. Ulileta fomu nyumbani Jumatano, ukaijaza mwenyewe mezani. Kulikuwa na mahali pa kuandika mtu anayeruhusiwa kutoa pesa nikiugua au nikifa. Ukauliza uandike nani. Nikakuambia andika jina lako, kwani kuna mwingine? Ukaandika. Halafu, ukiwa unakunja karatasi, ukasema huku unacheka kwamba nikifika pale kesho nisikuite Fara mbele ya watu, kwamba pale wewe unaitwa Monsieur. Na mimi nilicheka. Lakini neno lako nililichukua, nikaliweka mahali pake, pamoja na maneno mengine ya namna hiyo niliyowahi kuwekewa utotoni.

Kesho yake nilikuja. Nilivaa kitenge cha sherehe. Ulinikaribisha kiti kwa heshima kama mtu baki, na nilikusifu moyoni kwa jinsi unavyojua kazi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina langu pale chini, pole pole kama mtoto wa darasa la kwanza, shefu alipopita nyuma yako. Ni bibi kijana, mpole, sauti yake haipandi. Akaichukua fomu, akaisoma, akasimama kwenye mstari mmoja. Akaniangalia. Mlinzi naye akaangalia, na watu wa kwenye viti.

"Mama, huyu kijana munajuana?"

Faraja, nakuandikia ukweli wangu wote. Sikufikiri. Ningefikiri hata kwa muda wa kumeza mate ningesema mengine. Niliona mtu ameshika karatasi, niliona wino, niliona anauliza huyu ni nani wako, na mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Hapana. Simujui."

Wewe ukainua kichwa. Ulisema neno moja tu, tena taratibu. "Mama."

Na mimi nikacheka. Kucheka ndiko kunakonitoa usingizini hadi leo. Nikamgeukia shefu, nikamwambia, "Si unaona, hapa kila mutoto ananiita mama."

Shefu hakucheka. Aliigeuza fomu upande wangu, akaweka kidole. "Sasa kama haumujui, jina yake inafanya nini hapa? Iko imeandikwa kwamba anaweza kutoa pesa yako yote."

Hapo ndipo akili iliporudi, ikakuta nyumba imeshaungua. Nikasema nimedanganya, nikasema huyu ni mwanangu wa kumzaa, nikasimama, kalamu ikaanguka. Akaomba kitambulisho changu, akaomba na chako, akaviweka pamoja mezani. Kwetu hapa hakuna jina la ukoo la kuwasaidia watu, kila mtoto ana jina lake, kwa hiyo alitazama pale panapoandikwa mzazi. Akauliza bila ubaya wowote, "Mama, hapa inasema mama yake ni Tabita. Wewe ni Tabita?"

Walikuondoa mchana uleule, zikiwa zimebaki wiki mbili. Kwao ilikuwa wazi: stajieri amempata mama wa kijijini asiyesoma vizuri, amejiandika kwenye akaunti yake, na mama mwenyewe amekiri hamjui. Ulifungua tai nje, ukaikunja ukaitia mfukoni. Kwenye gari la kurudi tulikaa kiti kimoja, kapu la mtu la ndagala, dagaa wa kwetu, likiwa katikati yetu, na ulisema mara moja tu kwamba si kitu. Sikuweza kukugusa. Nilikuwa nimetoka kusema sikujui, ningekugusa kwa haki gani?

Sasa nikuambie kwa nini mdomo wangu uko hivyo. Si kwa kujitetea. Nataka tu ujue jambo hili lilizaliwa wapi, maana hukuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kusema.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu. Kila familia ilikuwa na kadi ya chakula, na kwenye kadi kuna vichwa. Bibi yako, kama wengi, alinitoa kwenye kadi yake akaniandikisha kwa shangazi, kitongoji kingine, kwa sababu shangazi alikuwa peke yake na kadi ya mtu mmoja haifiki popote. Nilikuwa nakula na kulala kwa mama, lakini kwenye daftari nilikuwa mtoto wa shangazi. Siku za kuhesabiwa mama alinifundisha: mtu wa daftari akinionyesha mama na kuuliza huyu ni nani wako, niseme simjui, ni jirani. Alinifundisha kwa maneno, na niliposahau alinifundisha kwa makofi. Nikajua. Nilikuwa nasema simjui kwa uso mkavu hata wenzangu wakanishangaa.

Siku moja walikuja bila kutangaza. Mama alikuwa na homa, amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka. Nilikuwa namnywesha maji. Mtu wa daftari akainama mlangoni, kijana tu, mwenye kofia nyeupe, akaniuliza kwa upole kama huyu mgonjwa ni nani wangu. Nikamwangalia mama alivyokuwa. Nikasema ni mama.

Waliifuta kadi ya shangazi, na ya mama wakaisimamisha mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi ulichukua msimu mzima. Mjomba wako Amosi, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Hakuumaliza msimu huo. Labda angekufa hata kama tungekuwa na kadi tatu, malaria ya pale ilikuwa haichagui. Lakini hilo la labda nimelipata ukubwani. Tulipotoka kumzika, mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema, "Umeona." Neno hilo moja. Nimeishi nalo mpaka leo, na siku ile benki lilijibu kabla yangu.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo hatayarudia kwa mwanawe. Niliyarudia. Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa bado unanyonya, na Tabita alikuwa ameandikwa peke yake kama shangazi alivyokuwa. Nikakuandikisha kwake. Nilifanya hivyo kwa vikombe viwili vya mahindi zaidi. Naviandika hapa ili uvione ukubwa wake. Kila ulipohesabiwa, Tabita ndiye aliyekushika mkono, nami nilisimama mstari mwingine nikitazama kisogo chako. Wewe hukufundishwa kusema hunijui. Ulikuwa mdogo mno, hakuna aliyekuuliza. Nilishukuru kwa hilo. Nilidhani nimekuepusha.

Halafu tukarudi nyumbani. Pale komine, kwenye ofisi ya serikali ya eneo letu, karani alisoma kutoka kwenye karatasi ya kambini, "Faraja, mama yake Tabita," akauliza kama ni sawa. Ulikuwa na miaka minane, umeshika pindo la kitenge changu mimi, si la Tabita. Tabita aliniangalia. Mimi nikaangalia chini. Niliogopa kwamba nikisahihisha watasema tulidanganya miaka yote, watatuondoa kwenye orodha sote wawili, tutabaki barabarani na magodoro yetu. Foleni nyuma ilikuwa ndefu, watu walikuwa wamechoka na safari. Nikasema ni sawa. Akagonga muhuri. Nilijiambia nitakuja kurekebisha tukishatulia. Tabita akaolewa, akarudi Kigoma, wewe ukaingia shule, shule haikuuliza mama ni nani ilimradi karo imefika, na mimi nikatulia kwa kweli. Nilitulia miaka kumi na tano.

Yaliyofuata baada ya benki unayajua, ila huenda hujui yote. Nilirudi pale mara tatu, nyingine bila kukuambia. Mara ya tatu shefu alitoka akakaa nami kwenye benchi la wateja. Akasema yeye ananiamini, kwamba amenitazama machoni ameona, lakini ripoti imeshafika Bujumbura na wakubwa wa kule hawaamini macho yake, wanaamini karatasi. Nimlete karatasi. Nikaenda mahakamani kuomba karatasi. Wakataka mashahidi walioona nikijifungua. Mkunga wa kambini alikwenda mbali, wengine wako Marekani huko, mmoja yuko kaburini. Wakataka Tabita aje mwenyewe akane. Hebu sikia hilo, Faraja: ili niwe mama yako, ni lazima dada yangu asimame mbele ya watu aseme hakujui. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za mahakama kwa muda, mpaka askari akaniuliza kama ninaumwa. Tabita alikubali kuja, tatizo halikuwa yeye. Tatizo ni kwamba tarehe tuliyopewa ilikuwa baada ya siku ya mwisho iliyowekwa na chuo, na chuo hakikusikiliza habari za tarehe. Bila cheti cha staji hakuna kutetea kazi ya mwisho ya kuhitimu, na hakuna benki iliyotaka kijana mwenye ripoti ile. Miaka mitatu uliyosoma kwa taa ya simu imeishia hapo.

Mchungaji alikuja kunifariji. Alinikumbusha yule mwanafunzi aliyekana kabla jogoo hajawika, na jinsi alivyosamehewa. Nilimwambia yule hakuwa amemzaa aliyemkana. Mchungaji akanywa chai yake, akaaga. Sikufurahia kumjibu hivyo.

Kuna jambo nimeliona na sijakutajia. Tangu siku ile hujaniita mama. Unajibu ndiyo, unasema nimesikia, unasema chakula kiko tayari. Wiki ile niliyoshikwa na homa uliniamsha kwa kunigusa bega. Si kwamba una hasira, ningejua cha kufanya na hasira. Nadhani kila neno hilo linapofika mdomoni unasikia kicheko changu na yale niliyomwambia shefu. Sikulaumu. Kila mtoto ananiita mama, nilisema hivyo mimi, kwa sauti, watu wakisikia. Nimejaribu kuishi bila neno hilo, nimegundua nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Sasa ningepaswa kukupa nasaha. Wazazi wengine wana nasaha za kutosha kujaza begi. Mimi naogopa, na nikuambie naogopa nini. Fundisho nililopewa na bibi yako halikuwa la uongo. Lilitoka kwenye kaburi la mtoto. Nililishika vizuri kuliko mwanafunzi yeyote, na siku nilipolitumia kwa ukamilifu likakumaliza wewe. Kwa hiyo sitaki uichukue siku ile ya benki uifanye akili yako. Wiki iliyopita jirani yetu alikuja na fomu ya simu, akuombe umjazie. Ulimwambia una haraka. Hukuwa na haraka, ulikuwa umekaa unatazama kuku. Niliona mkono wako ulivyojificha nyuma, nami niliutambua mkono ule. Ni wangu wa miaka kumi na mmoja. Utakutana na vikongwe dukani Kigoma, na wengine watakuomba uwaandikie kitu. Ukiweza, waandikie. Ukishindwa, sitakuuliza.

Zaidi ya hapo sina. Natafuta neno la kukutia nguvu na silioni. Watu wananiambia wewe bado kijana, mambo yatafunguka. Huenda. Mimi nakuona ukirudi kule nilikokutoa nikiwa nimekukalisha juu ya mizigo, nikiwa nimekuahidi nyumba na ziwa na shule, na unarudi bila hata kimoja kati ya hivyo isipokuwa kipande hiki cha ziwa, ambacho kule pia kipo. Nalia ninapoandika, usijali wino ulipotapakaa.

Basi sasa nimefika kwenye habari ya Mugina. Kesho, pale kwenye dirisha, afisa atachukua kitambulisho chako na atakuuliza unakwenda kwa nani. Utamjibu unakwenda kwa mama yako, anaitwa Tabita. Atatazama karatasi, karatasi itakubali. Atatazama jina kwenye barua ya Tabita ya kukukaribisha, nalo litakubali. Atagonga muhuri. Kwa mara ya kwanza karatasi zako zote zitasema jambo moja na mlango utafunguka. Hutabishana naye, hutamweleza. Utasema ndiyo, utapita.

Lakini mimi nikiwa nimesimama karibu nawe, na begi lako mkononi na uso huu ambao ni wako mtupu, atauliza. Wanauliza daima. Ataninyooshea kalamu, atasema, na huyu mama ni nani wako? Nimejaribu, Faraja. Siku tatu hizi, nikiwa peke yangu kwenye mashine, kelele zikiwa nyingi, nimejaribu kulitamka lile neno mara moja zaidi kwa ajili ya safari yako tu. Simjui, ni jirani. Nililisema mamia ya mara utotoni bila kupepesa jicho. Sasa halitoki. Nikifungua mdomo linatoka lile jingine, lile lililomuua Amosi, lile ambalo benki nilichelewa nalo. Nikiulizwa Mugina nitasema ni mwanangu. Afisa atatazama karatasi, ataona Tabita, atakuweka pembeni, gari litaondoka na utalala mpakani kwa sababu yangu tena. Ndiyo maana nabaki. Siyo kwa kuona haya. Mdomo wangu umepona wakati ambapo hauna faida.

Nitakusindikiza mpaka barabarani hapa Minago, pale wanapopakia mapipa ya mawese. Pale hakuna anayeandika majina. Ukisoma hapa utakuwa umeshapita, kwa hiyo ulinisikia: kama kondakta aliuliza huyu kijana ni nani wako, nilimjibu, na nilijibu kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. Kama hakuuliza mtu, basi jibu lipokee hapa. Namjua. Nilimzaa mimi, usiku wa mvua, kwenye hema lililovuja, na mkono wa kwanza kumshika ulikuwa huu unaoandika.

Nasikia mlango, umerudi, na naona hotuba ilikuwa fupi. Hapa chini watu huandika "mama yako". Mimi sitaandika. Neno hilo nililitupa mwenyewe, na mwenye kuliokota ni wewe, siku ukitaka, na usipotaka pia nitaelewa.

Eliza